Teke Lililobaki Uwanjani

Nilipokuwa mpigaji wa timu yetu, hakuna mtu aliyeruhusiwa kunisalimia siku ya mechi. Nalisema hili mapema ili usidhani walinichukia. Walinipenda, tena sana. Ni vile tu mpira tuliocheza ulikuwa na miko yake, na mwiko mmoja, wiki moja ya mvua iliyogoma, ulinifanya nijipapase mwilini mchana peupe kuona kama bado nipo.

Mpira wenyewe ulikuwa wa Kimarekani. Si ule wa miguu ambao kila mtoto wa mtaani kwetu Kangemi anazaliwa akiujua, wala si raga, ingawa waliopita nje ya ua walituita watu wa raga na tukachoka kuwakosoa. Aliyetuletea ni kocha wetu, jamaa aliyesoma Marekani akarudi na lafudhi ya puani, kazi ya ofisi pale Hurlingham, na gunia la helmeti kuukuu ambazo hazikututosha. Anayeingia anavaa, anayetoka anavua, na jasho la mwenzako linakutiririka masikioni. Mpira wake una ncha mbili kama papai changa. Vijana wenye vifua wanagongana, wanaangushana, wanalaliana kama magunia ya viazi, na mambo yakikwama kabisa anaitwa mtu mmoja mwembamba ambaye muda wote alikuwa amekaa kando akila njugu. Huyo ndiye mpigaji. Sisi tulimwita kika. Anaingia, anapiga teke moja, mpira upite katikati ya nguzo mbili na juu ya mwamba wa goli, anatoka. Teke hilo lina pointi tatu.

Huyo mwembamba nilikuwa mimi.

Shule niliiachia kidato cha pili. Nilipata kazi ya mkono kwenye chumba cha uchapishaji River Road, ghorofa ya juu ya duka la misumari na mabati. Kocha alikuja pale kuchapisha fulana za timu, akanikuta nikipiga teke donge la karatasi zilizoharibika, nimelifunga kwa selotepu. Lilivuka mashine, likaingia ndani ya pipa lililokuwa upande wa pili wa chumba. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Kijana," akasema, "Jumamosi uko wapi?"

Mimi ni mtu wa ndoto. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshaota kuwa rubani, mhubiri, na mwenye hoteli Naivasha yenye bembea za watoto. Nikamjibu, "Popote utakaponitaka, kocha."

Rafiki yangu niliyeishi naye chumba kimoja akaingia timu kwa mgongo wangu. Yeye alikuwa mchuuzi wa soksi mjini, na aliziuza kwa mdomo. "Soksi, soksi! Vidole visione aibu! Mama, huyo mzee wako anatembea kidole nje!" Alikuwa hanyamazi. Alisema akila, alisema akipiga mswaki, na akikosa mtu wa kusema naye aliisemesha sufuria. Kocha akampa kazi ya kunishikia mpira. Mmoja wetu mbele anaurusha nyuma kupitia katikati ya miguu yake. Rafiki yangu, aliyepiga goti, anaudaka, anausimamisha juu ya ncha yake, anaushikilia kwa kidole kimoja. Mimi nakuja mbio kulenga hapo hapo penye kidole cha mtu. Kabla ya hayo yote ananitazama machoni. Akinikuta tayari, nainamisha kichwa. Ngumi aliyokuwa ameifumba anaifungua, na mwenye mpira akiona kiganja anajua arushe. Ngumi maana yake ngoja. Kiganja maana yake sasa.

Mwiko nao ulianzia kwenye hadithi ya kocha. "Kule Marekani," alituambia, "siku ya mechi kika haguswi wala haongeleshwi. Kika amebeba mtungi wa maji kichwani. Ukimwita atageuka, na akigeuka maji yatamwagika."

Vijana walicheka. Kisha mechi iliyofuata, jamaa mmoja alinipiga bega, "Niaje kika, leo si utatubamba na teke safi?" Nikaingia, nikapiga, na mpira ukaenda kutua kwenye kamba ya nguo za jirani, ukavaa kanzu ya mtu. Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka tena. Na vile wengi wetu tulitoka nyumba ambazo mzazi akisema usipige mluzi ndani ya nyumba hupigi wala huulizi, mwiko wa kocha ukamea mizizi kuliko alivyoupanda. Jumamosi ikipambazuka, hakuna aliyenitazama. Rafiki yangu alipika chai, akaweka kikombe changu juu ya kigoda kama mtu anayeacha sadaka, akatoka. Tulitembea pamoja hadi uwanjani bila neno. Lakini nikishapiga teke la kwanza tu, likipita lisipite, mwiko ulikwisha, na hapo katikati ya mechi jitu zima linanikimbilia, "Niaje kika! Umeamkaje? Nyumbani wazima?" kama nimeshuka safari ya mbali. Nilipenda sana hayo. Nilikuwa nakufa kidogo asubuhi, nafufuka mchana. Nilidhani ni mchezo tu.

Uwanja wetu ulikuwa Parklands, nyuma ya shule moja iliyotuachia Jumamosi. Upande mmoja kuna ukuta wa hekalu la Wahindi, upande mwingine mikaratusi mirefu. Nguzo zetu tulizitengeneza wenyewe: goli la kawaida la mpira wa miguu, tukaliongezea miti miwili ya mkaratusi, mmoja kila pembe, tumeifunga kwa waya. Upepo ukivuma waya zilikuwa na sauti. Si kelele, ni sauti, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema jambo.

Siku yenyewe tulicheza na vijana wa chuo. Mateke ya kuanzisha mchezo alipiga jamaa wetu mwingine mwenye paja kama kinu. Mimi niliwekewa yale ya nguzo peke yake, na siku hiyo sikuwa nimeitwa hata mara moja. Zikabaki sekunde chache tu. Tuko nyuma kwa pointi mbili. Kocha akaninyooshea kidole bila kusema.

Anga lilikuwa jeusi, mvua imeshaanza kuuloweka udongo. Rafiki yangu akapiga goti. Nikarudi nyuma, nikasogea kando, nikasimama mahali ambapo majani yaliliwa na miguu ya wachezaji na udongo mwekundu ulikuwa mtupu. Akanitazama. Nikainamisha kichwa. Na ngumi yake ilipoanza tu kufunguka, radi ikapiga mkaratusi mmoja kando ya uwanja.

Sikusikia mlio. Nakumbuka weupe. Halafu refa alipuliza kipenga huku akikimbia, mikono kichwani, na kila mtu akakimbia, nami nikakimbia. Chini ya kibanda makocha wawili walibishana kidogo wakakubaliana: tutarudi Jumamosi ijayo tumalizie kuanzia pale pale, na sekunde zile zile. Refa akarudi mvuani kuchomeka kijiti mahali mpira ulipokuwa. Kocha wetu akapaza sauti juu ya mvua, "Mechi haijaisha! Mmenisikia? Haijaisha!"

Kesho yake asubuhi kocha akasafiri Kisumu kikazi. Na neno lake hilo ndilo alilotuachia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu kando ya Waiyaki Way, mimi na rafiki yangu, tumelowa kama vifaranga. Nikamwambia, "Manze, leo tungechomwa kama mahindi." Akaendelea kutembea. Nikadhani hakusikia kwa sababu ya magari. Nikasema tena. Akaongeza mwendo.

Jumapili nilikuwa na hakika ananitania. Jumatatu asubuhi nilisimama mbele yake kabisa, sufuria ya chai ikichemka katikati yetu. "Buda, hii ni wazimu. Mechi ni Jumamosi. Leo ni siku ya kazi tu, kama zote."

Akautazama ukuta ulio kando ya sikio langu. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, sikuona mzaha hata chembe. Kisha akanyanyua mkono, akafumba ngumi.

Ngoja.

Ndipo nikaelewa. Mechi haijaisha, kwa hivyo siku ya mechi haijaisha. Teke langu bado liko hewani. Timu nzima ilikuwa imeelewana bila kuelewana. Jamaa wa mbele, yule anayerusha mpira, alikuwa fundi wa kufuli hapo hapo River Road. Alivuka barabara aliponiona. Simu yangu ya mulika, ile ndogo yenye tochi, ambayo ilizoea kubipiwa na vijana kutwa nzima, ikawa kama jiwe. Nami, ukiniuliza mbona sikuwapigia kelele, nitakwambia ukweli: nilitaka tushinde. Nilijiambia, mtungi uko kichwani, tembea nao.

Kazini hakukuwa na nafuu. Mwenzangu wa pale alikuwa amepata mafua, sauti imemkauka, akaashiria kwa mikono. Na kazi ya wiki hiyo ilikuwa vijitabu vya mazishi. River Road ndiko Nairobi nzima inakochapishia picha za wafu wake. Kila ukurasa ulipotoka mashineni ulikuja na uso, mama wa kitambaa, mzee wa tai, msichana wa kofia ya mahafali, wote wamevaa vizuri, wote wanatabasamu. Niliwapanga, nikawakunja, nikawabana pini. Siku ya pili nikagundua jambo lililonifanya niweke stepla chini: watu pekee walionitazama machoni wiki hiyo walikuwa marehemu.

Mchana nikashuka kula. Mama anayeuza chapati na maharagwe uchochoroni, aliyezoea kuniita "mwanangu mwembamba", aliweka sahani mbele yangu huku akizungumza na mtu aliye nyuma yangu. Kijana wa kugawa vikaratasi vya mkutano wa injili alimpa aliye mbele yangu, akampa aliye nyuma yangu. Najua, najua. Hiyo ndiyo Nairobi, watu ni wengi, mtu hawezi kusalimia kila pua. Lakini kwetu kumpita mtu unayemjua bila hata salamu ya "sasa" ni kumwambia kwamba amekukosea au amekufa, na mimi sikuwa nimemkosea mtu.

Jumatano stima zilipotea mtaani mapema, jua likiwa ndio limezama. Nilikuwa nimekaa kitandani upande wangu wa pazia lililogawa chumba nikivua viatu. Mlango ukabishwa. Alikuwa mama mwenye ploti tuliyopanga.

"Huyo mwenzako yuko?" akamuuliza rafiki yangu.

Nilijua shida ya rafiki yangu. Akisema niko, ataambiwa aniite.

"Hayuko, mama."

"Na viatu si nimesikia vikianguka?"

"Ni vyangu, mama."

"Wewe, usinizungushe. Nataka tu kumwambia mfereji utafungwa kesho." Akaingia, akavuta pazia. Alikuwa ameshika mshumaa. Nikainua uso nikamwonyesha meno, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikikutana na mtu natabasamu kwanza. Mwanga ulifika magotini kwangu. Alinitazama, au alitazama mahali nilipokuwa, kwa muda wa kutosha kabisa.

"Kweli hayuko," akasema, akarudisha pazia.

Sijui kwa nini sikutamka neno. Lilikuwa jambo rahisi, "Mama, niko hapa." Labda mshumaa ulimpofusha, maana aliyeshika taa huona giza. Nilijiambia hivyo. Lakini ulimi wangu ulikuwa umeshazoea kulala, na nilipojaribu kuuamsha nikaona una uvivu wa ajabu, kama si wangu. Upande wa pili wa pazia rafiki yangu alikuwa anapumua kwa nguvu. Baadaye mkono wake ukapenya chini ya pazia ukasukuma sahani ya ugali na sukuma, ukarudi.

Alhamisi kazi ilikuwa nyingi, familia tatu zilitaka vitabu vyao kabla ya kusafiri na maiti Ijumaa. Nilikaa River Road nikikata kingo za karatasi hadi maduka yakafungwa. Nakumbuka vizuri kwa sababu mkono wa kulia ulikufa ganzi na mwenzangu wa mafua alinifunga kidole nilichojikata.

Ijumaa jioni ndipo nilipokwenda uwanjani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu radi ile. Nilitaka tu kuona nguzo ziko wima. Mvua ilikuwa imegoma kabisa wiki nzima, jua limekausha kila kitu. Kijiti cha refa kilikuwa pale. Mbele yake palikuwa na shimo dogo la mviringo, goti la rafiki yangu, na kando yake alama ya kiganja. Na nyuma kidogo, kando, kwenye udongo mtupu, kulikuwa na nyayo mbili. Zangu. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, kama mtu aliye karibu kuondoka. Udongo ulikuwa umekauka ukawa kama tofali.

Nikatafuta nyayo zangu za kukimbilia kibandani. Sikuziona. Labda mvua ilizifuta. Zilizobaki ni zile za kusimama tu, na zilikuwa za ndani kuliko nilivyokumbuka kukanyaga, kama za mtu aliyesimama hapo muda mrefu.

Nikavua viatu, nikatia miguu. Ikaenea. Ndani kulikuwa na uvuguvugu. Jua, nikajiambia. Ng'ambo ya ukuta kengele ya hekalu ikalia, kisha adhana ikaanza mbali, na waya za nguzo zikavuta pumzi yao. Hapo ndipo wazo lilinijia, nami nikalicheka kwa sauti ili lisikae: je, kama yule aliyebaki hapa akisubiri ndiye mimi, na aliyekimbia mvua ni kivuli tu? Kicheko changu kiligonga ukuta kikarudi kikiwa chembamba.

Mlinzi wa shule alikuwa anakuja na rungu lake na redio ndogo kwapani. Mtu wa maneno makali, tulimwogopa.

"Wewe kijana una kiburi sana," akasema.

"Mimi tena? Kwa nini, mzee?"

"Jioni zote hizi nakusalimia, hunijibu. Juzi nimekwambia habari, kimya. Jana nimekwambia, kimya. Umesimama tu hapo hapo ulipo, fulana hiyo hiyo. Kwenu hamkufunzwa?"

"Mzee," nikasema, na sauti ilitoka ikikwaruza kama bawaba, "sijakanyaga hapa tangu Jumamosi."

Aliitazama miguu yangu ndani ya zile nyayo. Akazima redio. Kisha akanyoosha mkono, nami nikaupokea, akaushika muda mrefu huku akinibonyeza kidole kimoja kimoja, vile mama sokoni anavyobonyeza parachichi. Ulikuwa mkono wa kwanza kunisalimia wiki nzima na machozi yalinilenga.

"Basi wewe ni mzima," akasema, bila furaha. "Nenda nyumbani. Na hilo jambo lenu mlimalize kesho."

Usiku huo nilikuwa na hofu moja tu, na wala haikuwa ya kukosa goli. Niliogopa kesho kunyeshe tena. Refa asije. Mechi isiishe. Na hata ikiisha, nikikosa, watakuwa na haja gani ya kunirudisha? Unaweza kuzoea kutomwona mtu. Nilikuwa nimeona vile ilivyo rahisi.

Jumamosi mawingu yalirudi. Timu mbili zilikuja kwa ajili ya teke moja tu, zikajipanga mbele ya kijiti kimya kama watu wa msibani. Kocha aliingia getini na begi lake la safari, mchangamfu, "Kika wangu! Umeshindaje wiki—"

"Kocha, nyamaza!" Vijana kumi walimrukia kwa pamoja.

"Kuna nini?"

"Mechi haijaisha," akasema fundi wa kufuli. "Si wewe ulisema?"

Kocha alitutazama mmoja mmoja, na nikaona ikimwingia polepole. "Tangu lini hamjamwongelesha?" Akaziba mdomo kwa mkono, akasimama kando.

Refa akaangalia juu, akatuashiria tufanye haraka. Rafiki yangu akaliweka goti lake kwenye shimo lake. Mimi nikaingia kwenye nyayo zangu, na naapa, ilikuwa kama kukaa kwenye kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Nikahisi nafasi ikiachwa. Upepo ukatulia. Waya zikanyamaza.

Rafiki yangu akanitazama. Wiki nzima aliutazama ukuta, lakini hapa hakuwa na njia nyingine, ndiyo sheria ya mpira wenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikainamisha kichwa. Ngumi ikafunguka. Mpira ukarudi, akaudaka, akausimamisha, kidole chake juu yake, nami nikaenda.

Nilipiga vizuri. Hilo nitalisema hadi kufa kwangu. Ulipaa ukizunguka, ukapita juu ya mikono yote, na ukaenda kugonga ule mti wa nguzo ya kulia. Waya ikalia kama uzi wa gitaa. Mpira ukapanda juu kidogo, ukafikiri, ukaanguka upande wetu.

Kipenga. Vijana wa chuo walirukaruka. Mechi imeisha, tumeshindwa.

Nilibaki nimesimama. Wetu nao walisimama, helmeti mikononi, na hakuna aliyesema kitu. Kimya kile kilikuwa kile kile cha wiki nzima. Nikafikiri, basi, ndivyo itakavyokuwa.

"Wewe," rafiki yangu akasema.

Alikuwa bado amepiga goti. Sauti ilikuwa imepasuka kwa maneno aliyoyakalia.

"Wewe ni mjinga! Mjinga wa kupimwa kwa debe! Wiki nzima nimenyamaza, mimi, mdomo umenivimba, halafu unaenda kupiga mti? Mti umekukosea nini?" Akainuka. "Jumapili umevaa soksi zangu za biashara, nikanyamaza! Jumanne umeacha maziwa yakamwagika jikoni, mimi nimepangusa huku nikikutukana moyoni! Jumatano mama ploti ananihoji, naongopa kama polisi! Aki ya nani, ungejua maneno niliyonayo hapa ndani!" Akanishika shingo, akanivuta, akaulaza uso wake begani kwangu, akaendelea kunitukana humo humo.

Na hapo wote wakaja. "Niaje kika!" "Umeamkaje, mkora wewe!" "Mti, buda? Kwa kweli mti?" Walinitusi hadi mababu zangu, walinigonga mgongoni, kocha aliomba msamaha kwa Kiingereza na Kiswahili, na mvua ikaanza, nami nilikuwa nacheka mdomo wazi nikinywa mvua. Sijawahi kushinda mechi iliyonipa furaha kama ile niliyoshindwa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Waiyaki Way ile ile, naye akisema tangu Parklands bila kupumzika, akinilipa wiki nzima. Tulipokaribia Kangemi alipunguza sauti.

"Na Alhamisi ulinisamehe?"

"Alhamisi kulikuwa na nini?"

"Si vile nilikuja uwanjani jioni. Nimekusubiri nyumbani hurudi, nikajua uko huko. Nikakukuta umesimama pale pale, mikono chini, unaangalia nguzo. Nilitaka kukwambia twende nyumbani, nikakumbuka mwiko. Basi nikapiga goti mahali pangu. Nikashika hivi, na kidole, kama kuna mpira. Tukakaa hivyo mpaka giza likaingia, ndio usione uko peke yako." Akanitazama kwa pembe ya jicho. "Ama hukuniona?"

Kidole changu kilikuwa bado na kitambaa alichokifunga yule mwenzangu wa River Road Alhamisi hiyo hiyo, jioni hiyo hiyo. Nilikitia mfukoni. Magari yalipita yakiturushia maji. Nilimfikiria akiwa amepiga goti kwenye udongo mgumu, mtu asiyeweza kunyamaza, amenyamaza, akimshikia mpira usiokuwapo huyo aliyekuwa pale.

"Nilikuona, buda," nikasema. "Asante."

Akatabasamu, akaendelea na maneno yake.

Sasa uwanja ule una ua mpya na goli zimeshang'olewa miti yake. Nikipita Parklands husimama kidogo kwenye ua, hata kama nina haraka, nikatazama pale mahali, nikasema, "Sasa." Husema kwa sauti, watu wakinigeukia wageuke. Mtu hawezi kuachwa amesimama hivyo bila salamu. Sijawahi kujibiwa, na kusema kweli, huwa sikai kusubiri.